Tanga Si Mbali



Sisi wakazi wa Port Reitz tumezoea kuishi katikati ya safari za watu wengine. Juu ya mapaa yetu hupita ndege za uwanja ambao wazee bado wanaukumbuka kwa jina la mtaa wetu, kabla haujapewa jina la Moi. Chini ya mteremko, nyuma ya mikoko, meli hungoja zamu zake za kuingia Kilindini. Hata jina la mtaa wenyewe ni la mgeni: Luteni Reitz, baharia Mwingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824, Wamazrui walipokuwa wamepandisha bendera ya Uingereza, naye akafa kwa homa mwaka huohuo.

Basi watoto wanaolelewa mahali kama hapa huuliza swali moja kila likizo inapokaribia: "Sisi tutasafiri lini?" Mwaka huu kifungua mimba wetu, mwenye umri wa miaka tisa, aliongeza neno lililotuchoma. Alitaka kwenda "nje", kama wenzake wa darasani waliokwenda Dubai na Uturuki. Tulikaa usiku tukapiga hesabu, na fedha tulizokuwa nazo hazikufikia hata nauli ya watu wawili. Asubuhi tulipokuwa tukilizungumza jambo hilo jikoni, Bibi yao, ambaye ni mama mzazi wa mmoja wetu na anaishi nasi, alisema bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua: "Tanga nako ni nje. Kuna pasi na kuna muhuri."

Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa tulijua kilichomo ndani ya maneno yale.

Bibi ana mdogo wake aliyeolewa Tanga mwaka 1975. Siku hizo mtu alivuka Likoni asubuhi akala chakula cha jioni Tanga, na mama yao aliridhika kwamba binti hakuozwa mbali. Miaka miwili haikupita. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mama yao alifariki ndani ya miaka hiyo. Habari ilifika Tanga arubaini ikiwa imekwisha kusomwa. Binti yule hakuuona uso wa mama yake wala hakushika mkono wa mtu hata mmoja kati ya waliokaa matanga.

Hiyo ilikuwa kudura, nayo haikuwa na mkosaji katika nyumba yetu. Lakini ipo nyingine ambayo mkosaji wake ni sisi. Miaka mitatu iliyopita mume wa Bibi wa Tanga alifariki. Mpaka ulikuwa wazi na barabara ilikuwa ya lami mwanzo hadi mwisho. Sisi tulipiga simu, tukatuma rambirambi na fedha kidogo, tukasema tutakuja mtoto mdogo akipata nguvu. Mtoto alipata nguvu, akatembea, akaanza kusema, na sisi hatujaenda. Kwa hiyo tulipoamua kwenda Tanga mwezi wa Agosti, tuliwaambia watoto kwamba ni matembezi ya likizo, nasi wenyewe tulijua kwamba tunakwenda kulipa deni.

Kabla ya kuisimulia safari, tungependa kuwaelezea wazazi wenzetu jambo lililotuchelewesha, ili lisiwapate. Tulidhani mtoto wa miaka miwili husafiri kwa hati za mama yake. Sivyo. Kila mtoto, hata anayenyonya, huhitaji hati yake mwenyewe ya kuvukia mpaka, na kuipata hati hiyo kunataka kwanza cheti cha kuzaliwa. Tena kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo haihesabiwi kuwa halali mpaka zipite siku kumi baada ya kuchanjwa. Kitindamimba wetu hakuwa na hiki wala kile. Tuliahirisha safari kwa wiki tatu, na Bibi, ambaye masanduku yake yalikuwa yamekwisha kufungwa, hakuyafungua. Kila alipotaka kanga alifungua zipu kidogo, akaingiza mkono, akafunga tena.

Tuliondoka siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri. Zamani safari ya kusini kwa mkazi wa Port Reitz ilianza kwa kurudi nyuma: kuingia kisiwani, kupita mjini, kupanga foleni ya feri Likoni, na watoto kuanza kulia kabla hata ya kuvuka. Sasa iko barabara ya Dongo Kundu, inayoizunguka hori ya Port Reitz kwa juu na kuvuka maji ya Mwache na Mteza kwa madaraja marefu. Kutoka daraja la Mteza watoto waliiona mikoko, mitumbwi ya wavuvi na, kwa mbali, kreni za bandari zilizosimama kama twiga. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuuona mtaa wao kutoka upande wa pili wa maji.

Barabara hiyo inaungana na ile ya Likoni karibu na Kibundani, kisha ni Ukunda, Msambweni, mashamba ya miwa ya Ramisi, na hatimaye Lunga Lunga, yapata kilomita 100 kutoka Mombasa. Hapo tuliagana na gari letu la kukodi. Kwa kuwa vituo vya Lunga Lunga na Horohoro vinafanya kazi kwa pamoja, anayekwenda Tanzania hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia upande wa Horohoro, katika jengo moja. Kifungua mimba aliiangalia mihuri yake miwili mpaka wino ukakauka. Wa pili, mwenye miaka sita, alikabidhiwa noti ya shilingi elfu kumi za Tanzania aishike tulipokuwa tukibadilisha fedha, akatuuliza kwa kunong'ona kama sasa sisi ni matajiri.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kama kilomita 65. Tulipanda gari dogo la abiria, Bibi akakaa mbele, na mibuyu na mashamba ya mkonge yakapita dirishani. Tulisali Adhuhuri na Alasiri njiani, kwa kukusanya na kupunguza, na hapo likazuka swali: mbona leo rakaa ni mbili? Tuliwaeleza watoto kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, msafiri wa masafa ya kilomita 81 hivi na zaidi hupewa ruhusa hiyo, na huendelea nayo pale afikapo maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Lakini akisali nyuma ya imamu mkazi, hutimiza nne pamoja naye. Bibi aliongeza kwamba ruhusa ya msafiri ni sadaka kutoka kwa Mola, na sadaka ya mkubwa hairudishwi. Tangu hapo watoto walikuwa wa kwanza kukumbusha wakati wa sala.

Nyumba ya Bibi wa Tanga iko Ngamiani, mahali ambapo barabara hutajwa kwa nambari badala ya majina, hata mgeni hawezi kupotea akijua kuhesabu. Alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, na alimtambua dada yake kwa mwendo wa kandambili kabla hajasema neno. Hatutaeleza zaidi namna walivyokutana. Walishikana, na sisi tukashughulika na mizigo kwa muda mrefu kuliko mizigo ilivyohitaji.

Lililotuaibisha lilifuata baada ya chakula, wali wa nazi na samaki na kisamvu. Bibi wa Tanga aliwaita watoto mmoja mmoja. Alijua kila mmoja amezaliwa siku gani, nani alichelewa kutembea, nani aliugua surua, nani haogopi mbwa. Alimwambia wa pili, "Wewe ulizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na mvua ilikuwa kubwa hata mamako akachelewa kufika hospitali." Sisi wenyewe tulikuwa tumeisahau mvua ile. Yote hayo aliyakusanya kwa simu za miaka mingi. Watoto wetu, kwa upande wao, hawakujua hata jina lake; walimjua kama sauti tu inayotoka kwenye simu ya Bibi baada ya Isha.

Walikuwa na mengine ya kujifunza. Tanga mkubwa hapitwi bila shikamoo. Kwetu Mombasa tumelegea, na mtoto hutoa salamu akamaliza, au hata hizo asizitoe. Jioni ile wa pili alipishana na mzee mmoja mlangoni akamwambia, "Vipi?" Mzee alisimama, akatabasamu, akaitikia kwa upole: "Marahaba, mwanangu." Mtoto alitazama chini. Kesho yake aliamkia kila aliyepita, wakiwamo vijana waliomzidi miaka mitatu tu, nao wakaipokea heshima hiyo wakicheka.

Jumapili tuliutembelea mji kwa miguu, kwa mwendo wa yule mdogo kuliko wote. Tanga inafaa kwa watoto kwa sababu hiyo. Mji haukusukumi. Barabara zake ni pana, miti ni mingi, na baiskeli zimeenea kila mahali. Mama zetu na binti zetu watapenda kusikia kwamba wanawake huko huendesha baiskeli kama jambo la kawaida, wamejistiri vyema, mmoja akienda sokoni na mwingine akimrudisha mtoto chuoni, wala hakuna anayegeuka kuwatazama. Binti yetu, ambaye ndiye kifungua mimba, aligeuka kumtazama kila mmoja. Tangu turudi, habari ya baiskeli haijaisha nyumbani.

Tulifika kwenye bustani iliyo juu ya bandari, penye mnara wa saa wa enzi za Wajerumani, tukala machungwa ya Muheza tukiyatazama majahazi. Kisha tukaenda Raskazone, upande wa bahari. Hapo tuliwasimulia watoto habari ya mwezi wa Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Meli za Waingereza zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India zilipitia Mombasa, kisha zikaja kuwashusha hapa ili kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Waliokuwa wakiulinda, wengi wao askari wa Kiafrika, walikuwa kama 1,000 tu. Mapigano yalipokuwa makali, mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ikachokozwa, na nyuki hawakuuliza nani ni wa upande gani. Waingereza walishindwa, wakapanda meli zao, wakarudi Mombasa. Watoto walitaka kujua nyuki wangapi walikufa. Bibi, aliyekuwa akisikiliza, alisema yeye angetaka kujua ni akina mama wangapi wa India waliongoja barua.

Mji huu una heshima nyingine pia. Hapa ndipo alipokuwa Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, kadhi na mwanachuoni aliyefariki mwaka 1957, aliyeandika kwa Kiswahili juu ya nikahi na juu ya mirathi, hivyo hata mama asiyejua Kiarabu akaweza kusomewa haki zake akazielewa. Na Vibambani, karibu na Machui, nje kidogo ya mji, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Tulipomtajia binti yetu jina hilo alishangaa. Kitabuni alikuwa amemsoma kama mtu wa mahali pasipojulikana, na sasa ni jirani wa bibi yake.

Jumatatu tulikwenda mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji, tukawaacha mabibi wawili nyumbani. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yaliyochongwa na maji kwa miaka isiyohesabika. Mwongozaji hutangulia na tochi, popo huruka juu ya vichwa, na mahali pengine mtu mzima hulazimika kuinama sana. Wa pili aliingia kwa mbwembwe, na baada ya hatua kumi akashika nguo zetu asiziachie. Mnavaa viatu visivyoteleza, na buibui refu ni vizuri likunjwe kidogo ndani ya pango. Katika chumba kimoja tuliona chupa za marashi na vitambaa vilivyowekwa na watu wanaokwenda hapo kuomba shida zao. Binti aliuliza ni vya nini. Tulimwambia kwamba wako watu wanaoamini mahali hapa, na kwamba sisi haja zetu tunampelekea Mwenyezi Mungu peke yake, asiyehitaji tumfuate gizani. Aliridhika, nasi tukashukuru kwamba swali hilo lilikuja tukiwa naye.

Mwongozaji alituambia hadithi inayosimuliwa tangu zamani, kwamba pango moja huenda chini kwa chini mpaka Mombasa, na jingine hadi Kilimanjaro. Waliopima wameona kwamba pango lililo refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Lakini mwana wetu alishika la Mombasa akaacha la vipimo.

Usiku ule tulikaa uani juu ya mkeka, umeme ulikuwa umekatika, na Bibi wa Tanga alikuwa akimenya machungwa kwa vidole vilivyozoea. Wa pili alimhadithia habari za pango, kisha akauliza kama watoto wanavyouliza: "Sasa bibi, walipofunga mpaka, kwa nini hukupita pangoni ukaenda kumzika mama yako?"

Hakuna aliyesema kitu. Tulitafuta la kumkanya nalo, tukalikosa. Bibi wa Tanga akacheka kidogo, akampa kipande cha chungwa. "Ningalijua njia hiyo, mwanangu, ningaliipita kwa magoti."

Mtoto alipolala, alitugeukia sisi, na sauti yake haikuwa na lawama. "Wakati ule mpaka ulifungwa na serikali," alisema. "Baadaye ulifungwa na nani?"

Mmoja wetu alianza kusema habari ya karo na kazi, akaacha katikati. Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Ndipo Bibi wetu, ambaye tumeishi naye miaka yote hii, akaanza kumweleza mdogo wake siku za mwisho za mama yao: aliugua nini, alilala upande gani, alimtaja nani, nani alimkosha, mvua ilinyesha au jua liliwaka walipomchukua makaburini. Hakuwahi kuyasema kwa simu. Alisema mambo hayo hayasemwi na mtu usiyemwona. Sisi pia tulikuwa tukiyasikia kwa mara ya kwanza. Yaliendelea hadi karibu na Alfajiri, na tulipoamka kusali tuliwakuta wote wawili wamelala ukumbini, kwenye godoro moja, kama wasichana.

Jumanne ilikuwa siku ya kuondoka. Watu wa Tanga wana msemo wao wa kumtania mgeni: waja leo, waondoka leo, maana yake wewe sema hivyo, tutaona kama utaondoka. Mabegi yalipotolewa barazani tuliona begi la Bibi halimo. Alisema kwamba hati yake bado ina siku, na kwamba dada yake anahitaji mtu wa kumsomea Yasini jioni kwa kuwa macho yamechoka. Tukarudi Port Reitz watano badala ya sita.

Kwa familia zinazofikiria safari kama hii, tunasema machache. Hati zianzwe kutengenezwa miezi miwili kabla, si wiki mbili. Kila siku ipewe jambo moja kubwa tu, kwa kuwa mtoto mdogo hajui ratiba, na anayechoka huwachosha wote. Chukueni dawa za homa, maji, na kanga mbili za ziada, ambazo hufaa kuwa mkeka, pazia la kunyonyeshea na mto. Fedha badilisheni kidogo kidogo, na watoto waelezeni mapema kwamba sifuri nyingi si utajiri. Na zaidi ya yote, kabla ya kuuliza mji gani una vya kutazama, ulizeni mji gani una jamaa. Tumefundishwa kwamba kuunga udugu huongeza riziki na kurefusha umri. Sisi tulikuwa tukilisikia hilo misikitini na kwenye darasa za akina mama, tukiitikia kwa vichwa, na ndugu yetu yuko nusu siku tu kutoka mlangoni.

Shule zilipofunguliwa, binti yetu aliambiwa na mwenzake kwamba Tanga si nje. Alirudi nyumbani amekasirika, akatuomba pasi yake aende nayo darasani kuonyesha mihuri. Hatukumpa. Lakini tulimwambia kwamba mwenzake hakukosea sana.

Tunapoandika haya Bibi bado yuko Tanga, na simu zake za baada ya Isha sasa zinatoka upande wa pili. Watoto hugombania kuzungumza na bibi zao wawili kwa zamu. Mwisho wa mwezi itabidi mtu aende kumchukua. Tuliuliza nani yuko tayari, na hata yule wa miaka miwili aliinua mkono.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwaunga jamaa zetu wangali hai. Amin.